Ortoreksia

Ortoreksia ni hali ya kisaikolojia ambayo mtu hutawaliwa na wazo la kula chakula "safi" tu, hadi afya yake, kazi yake na uhusiano wake na watu vinaharibika. Jina hilo lilitungwa mwaka 1997 na Steven Bratman, daktari wa Marekani. Hali hii haimo kama ugonjwa unaojitegemea katika DSM-5, mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, wa 2013 wala katika ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ingawa Bratman na Thomas Dunn walipendekeza vigezo vya utambuzi mwaka 2016.

Tofauti yake kuu na anoreksia ni kwamba hofu iko kwenye ubora wa chakula, si unene. Mtu anaweza kuanza kwa kuacha sukari, kisha mafuta, kisha nafaka. Akivunja kanuni yake hujilaumu vikali, pengine akafunga ili ajitakase. Hukwepa hata karamu za ndugu.

Madhara ya kuacha vyakula hivyo huonekana tukichukua mfano wa Kirotshe, katika eneo la Masisi, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, ambako watu hula bugali (ugali), maharagwe, na sombe (majani ya mihogo) iliyoungwa kwa mawese. Anayekataa mawese hupoteza chanzo kizuri cha vitamini A. Anayeacha maharagwe hupoteza protini na madini ya chuma. Hata hivyo, utapiamlo wa Masisi hutokana hasa na vita, watu kukimbia makazi yao na umaskini, na ni kosa kubwa kuuchanganya na ortoreksia: aliyekosa chakula hakuchagua.

Matibabu ni tiba ya mazungumzo pamoja na mtaalamu wa lishe, anayerudisha vyakula kimoja kimoja. Hakuna dawa iliyoidhinishwa mahsusi kwa hali hii.