Ya Historia, au Imeandika Historia?

Tarehe 1 Desemba 2021, Rais Uhuru Kenyatta aliikabidhi Nakuru hati ya kuwa jiji. Siku kama hiyo tunaiita siku ya kihistoria. Mkaazi wa Mau anayedai shamba la babu yake analalamikia dhuluma za kihistoria. Mwalimu naye huwapeleka wanafunzi Hyrax Hill, nje kidogo ya jiji, wakaone mahali pa kihistoria. Watu watatu wametumia kivumishi kimoja, kila mmoja na maana yake. Mfasiri ndiye anayepata taabu, maana Kiingereza kina maneno matatu hapo.

"Historic" husifu. Hutaja jambo lililogeuza mwendo wa mambo. Tarehe 12 Agosti 1963, Jomo Kenyatta, wakati huo akiwa Waziri Mkuu, alisimama Nakuru mbele ya walowezi wa Kizungu akawahakikishia kwamba wana nafasi katika Kenya huru na kwamba yaliyopita yasahauliwe. Hotuba hiyo ni "historic". Lakini daftari la mauzo ya maziwa la shamba la mlowezi kule Rongai ni "historical" tu. Halikubadilisha chochote, ila mtafiti atalihitaji ili ajue watu waliishi vipi.

Ukiandika "hotuba ya kihistoria" na "daftari la kihistoria", msomaji atadhani vina uzito mmoja. Maoni yangu ni kwamba "-a kihistoria" ibaki kwa "historical", na "historic" tuifasiri kwa kirejeshi: hotuba iliyoandika historia, siku iliyoacha alama. Kirejeshi ni nguvu ya lugha yetu, na hakuna sababu ya kung'ang'ania kivumishi eti kwa kuwa Kiingereza kimetumia kivumishi.

Kwenye ardhi jambo ni zito zaidi. Nimesoma tafsiri zinazosema "dhuluma za kale", na zinaniudhi. Kale ni mbali, ni enzi ambazo hakuna aliye hai wa kuzishuhudia. Waogiek waliopewa notisi ya kuondoka Msitu wa Mau mwaka 2009 wapo, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 2017 kwamba haki zao zilikiukwa. "Dhuluma za zamani" nayo haitoshi, kwa sababu "-a zamani" pia hudokeza jambo lililokoma, kama tunaposema Nakuru ni makao makuu ya zamani ya Mkoa wa Bonde la Ufa. Anayedai shamba hasemi dhuluma imekoma.

Sheria ya Tume ya Taifa ya Ardhi, kifungu cha 15, imeweka mipaka: dhuluma inayozungumziwa ni ile iliyotendeka kati ya tarehe 15 Juni 1895, Kenya ilipofanywa himaya ya Uingereza, na 27 Agosti 2010, Katiba mpya ilipozinduliwa. Kwa hiyo "dhuluma za kihistoria za ardhi" ibaki, maana ndiyo wananchi wanayotumia kwenye mabaraza, ila mwandishi aitaje miaka hiyo mapema. Bila miaka, msomaji atafikiri ni habari za mkoloni peke yake, ilhali karibu nusu karne ya kipindi hicho ni ya serikali yetu wenyewe.

Mwaka 1895 unajitokeza tena katika Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya 2006: ili kifaa kihesabiwe kuwa kitu cha kale, sharti kiwe kilitengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka huo. Ni kama historia ilishuka Mombasa pamoja na bendera ya Mwingereza.

Ndiyo maana neno la tatu, "prehistoric", linanikera. Limo katika jina rasmi la Hyrax Hill, kilima cha pimbi, na wengi hulitafsiri "kabla ya historia". Mary Leakey alichimba pale kuanzia 1937. Ukipanda leo utaona vishimo vya bao vilivyochongwa kwenye mwamba, safu kwa safu, na mabonde madogo ardhini yanayoitwa mashimo ya Sirikwa. Wasirikwa wanatajwa katika masimulizi ya Wakalenjin hadi sasa. Watu wanaosimuliwa wana historia, hata kama hawakuiandika. Kwa hao niseme "enzi za kabla ya maandishi". Kwa Kariandusi, karibu na Gilgil, penye mashoka ya mkono ya kioo cha volkano yenye umri wa mamia ya maelfu ya miaka, "Zama za Mawe" ya vitabu vya shule inatosha kabisa.

Na kama ningeombwa kuandika kibao cha Kiswahili cha kuweka langoni Hyrax Hill, ningeandika "Makazi ya Kale". Pale neno kale limefika mahali pake.