Mtu wa Kumi
Kama umewahi kukaa kwa matatu pale Ruiru mkingoja abiria mmoja wa mwisho, tayari umeelewa nusu ya sala ya Kiyahudi. Gari haijajaa, gari haitoki.

Pale tao, University Way inapokutana na Uhuru Highway, kuna sinagogi. Sisi watu wa Thika Road tumepita hapo mara mia bila kuuliza ni la nani. Jiwe la msingi la sinagogi la kwanza la Nairobi liliwekwa 1912. Hili tunaloliona leo ni la 1955.

Lakini sala yenyewe ni ya kitambo sana. Hekalu la Yerusalemu likiwa bado limesimama, makuhani walitoa sadaka ya mwanakondoo asubuhi na mwingine alasiri, kila siku. Mwaka wa 70, Warumi wakalichoma. Hebu fikiria: ibada yako imeshikiliwa na jengo moja, na sasa jengo ni majivu. Unafanya nini?

Masinagogi na sala vilikuwepo tayari, kwa hivyo marabi walijenga juu ya hapo. Shaharit ikasimama mahali pa sadaka ya asubuhi, Minha mahali pa ile ya alasiri, na usiku kukawa na Maariv. Katikati ya zote kuna Amida, inayosaliwa kwa kusimama ukielekea Yerusalemu. Moto hauwezi kuchoma saa.

Sasa, unaweza kusali peke yako. Lakini sehemu zingine, kama Kadishi ya wafiwa, hazisemwi hadi watu wafike 10, wa miaka 13 na zaidi. Kimila ni wanaume tu. Marabi 9 wakikaa hapo, bado ni 9.

Jirani zetu Abayudaya wa Mbale, Uganda, walioanzishwa na Semei Kakungulu 1919, wanaijua hii vizuri. Idi Amin alipopiga dini yao marufuku, waliobaki walisali kwa siri. Wako hadi leo.

Mimi si Myahudi, na kwa miaka nimesema ile kitu wengi wetu husema: naomba kivyangu. Lakini nilipoacha chuo, wiki mbili ziliisha kabla mtu aulize niko wapi. Kwa hiyo hesabu ya 10, wangejua asubuhi ya kwanza.

Wewe ukikosa kesho, nani atasema bado mmoja?