Kuketi Nako Hufundishwa

Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Charles Super na mwenzake Sara Harkness waliishi Kokwet, makazi ya wakulima wa Kikipsigis katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Huko walikuta jambo ambalo kwa wenyeji halikuwa na ajabu yoyote. Mtoto akifikisha miezi mitano au sita, alichimbiwa shimo dogo ardhini akaketishwa humo, ukingo wa udongo ukimshikilia mgongo. Pengine blanketi ziliviringishwa zikamzunguka kiunoni. Mtoto anayumba, anaangukia upande, anainuliwa, anarudishwa. Kesho yake tena. Kikipsigis kina maneno mahususi ya kumfundisha mtoto kuketi na ya kumfundisha kutembea, ishara kwamba wenye lugha hiyo huyaona mambo hayo kuwa ni mafunzo.

Kiswahili nacho kina neno lake: mtoto husimama dede, na mara nyingi mbele yake yupo mtu aliyechutama, mikono wazi.

Shimo lile lilisaidia kujibu swali lililokuwa limewashughulisha wataalamu kwa takriban miaka 20. Mwaka 1957 Marcelle Geber na R.F.A. Dean walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wachanga wa Kampala, wakaripoti kwamba watoto hao walikuwa mbele ya wenzao wa Ulaya katika ukuaji. Kwa nini? Baadhi ya wasomi wa Magharibi waliona jibu ni moja tu: damu. Dhana hiyo ilisikika kama sifa, kumbe ilikuwa na sumu ndani yake, maana ilifuatana na dai kwamba anayewahi mwilini huwahi pia kukoma akilini.

Makala ya Super ya mwaka 1976 iliupasua mjadala huo. Watoto wa Kokwet waliketi na kutembea takriban mwezi mmoja kabla ya watoto wa Marekani. Lakini katika mambo ambayo hawakufundishwa, kama kujigeuza na kutambaa, hawakuwa mbele hata kidogo. Kama ni damu, mbona ichague kuketi na kuacha kutambaa? Super akayalinganisha makundi mbalimbali ya Kenya. Miongoni mwa Wateso, ambako karibu kila mama alisema humfundisha mtoto kutambaa, watoto walitambaa wakiwa na wastani wa miezi mitano na nusu. Kwa Wameru, ambako ni mama wachache waliofundisha hivyo, ilikuwa karibu miezi minane. Na familia za Kiafrika zilizohamia Nairobi, zilizoacha sehemu ya mazoezi hayo, watoto wao waliangukia katikati: nyuma ya wale wa kijijini, mbele ya Wamarekani.

Hoja inayotokana na hapo ni nzito kuliko mwezi mmoja wa kuwahi au kuchelewa. Kile kinachoitwa maumbile ya mtoto mara nyingi ni kazi ya mtu fulani, kazi yenye ujuzi, inayofanywa kila siku na mama, bibi au dada mkubwa, na ambayo hakuna anayeiandika. Kwa kuwa haiandikwi, mpimaji humwona mtoto peke yake, halafu matokeo huyapa jina la kabila.

Kosa hilo linaonekana waziwazi katika historia ya kipimo mashuhuri zaidi cha mwambatano wa mtoto na mlezi wake. Mary Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954. Akiandamana na mkalimani, alizitembelea tena na tena familia 26 za Kiganda katika vijiji vya jirani, akiwatazama watoto 28 majumbani mwao. Ni humo, kwenye vyumba vya wenyeji wake, alipomwona mtoto akitambaa hadi kwenye kitu kigeni, akigeuka kumtazama mama, kisha akiendelea. Mama alikuwa kituo chake cha kutokea na cha kurejea. Kitabu chake kuhusu Uganda kilitoka mwaka 1967.

Aliporudia uchunguzi kule Baltimore, Marekani, mambo hayakuwa vilevile. Watoto wa huko walikuwa wamezoea mama kuingia na kutoka, nao hawakulia kwa urahisi kama wale wa Uganda. Ndipo kilipobuniwa kipimo kiitwacho Hali Ngeni: chumba cha maabara, mtu asiyejulikana, mama anatoka na kurudi, dakika 20 hivi. Ilikuwa dawa ya tatizo la Baltimore. Hata hivyo kipimo hicho kilisafirishwa duniani kote. Kule Sapporo, Japani, watoto ambao karibu hawakuwahi kuachwa na mtu mwingine walilia kwa uchungu mkubwa, na baadhi yao wakaandikwa kuwa hawana mwambatano salama. Kule Bielefeld, Ujerumani, ambako mtoto alitarajiwa kujitegemea mapema, karibu nusu waliingizwa katika kundi la wanaomkwepa mama. Ni vigumu kukubali kwamba nusu ya mama wa mji mmoja walishindwa kulea.

Na mama huyo si lazima awe mmoja. Miongoni mwa Waefe wa msitu wa Ituri, Kongo, Edward Tronick na Gilda Morelli walikuta mtoto wa miezi minne akiwa mikononi mwa watu wengine kwa zaidi ya nusu ya muda wake, na wanawake wengine humnyonyesha.

Hayo hayamaanishi kwamba kila desturi ni njema kwa kuwa ni ya kale. Robert LeVine na wenzake walipochunguza mama wa Kikisii, walikuta mtoto akilia hutulizwa upesi kuliko kule Boston. Lakini mama hao walizungumza naye kidogo sana, na mara nyingi hawakumtazama machoni. Lengo lilikuwa mtoto aishi, atulie, kisha awe mtiifu, na katika mazingira ambamo vifo vya watoto vilikuwa vingi, lilikuwa lengo la busara. Mtoto huyohuyo akienda shule inayodai maneno mengi, upungufu huo una gharama. Malezi hulenga ulimwengu fulani, na ulimwengu hubadilika kabla ya desturi.

Mfano wa kinachowezekana kazi ya mlezi ikithaminiwa umetoka hospitalini. Mwaka 1978, kule Bogotá, Kolombia, Edgar Rey Sanabria alianza kuwaweka watoto njiti kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa sababu mashine za joto hazikutosha. Si mbeleko ya mgongoni, ila mwili wa mlezi ndio uliokuwa tiba. Mwaka 2021 yakachapishwa matokeo ya jaribio lililoratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, kwa watoto 3,211 waliozaliwa na uzito mdogo. Walioanza kubebwa hivyo mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali zao zitengemae, vifo vyao ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0, dhidi ya 15.7 kwa wengine. Jaribio lilisimamishwa mapema ili watoto wote wapate huduma hiyo. Hospitali zilizoshiriki zililazimika kwanza kuipanga upya wodi ya watoto mahututi, na kuingiza ndani yake kitanda cha mama.