Uamsho wa Afrika Mashariki na Deni Langu la Nakivale

Insha hii inahusu Uamsho wa Afrika Mashariki, na hasa jambo moja ndani yake: toba iliyoambatana na kulipa. Nimelichagua kwa sababu lilinikuta nikiwa na deni.

Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana Kampala na Joe Church, daktari mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini, mashariki mwa Rwanda. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 Uamsho ulienea kutoka Gahini hadi Kigezi, ambako mkutano mkubwa ulifanyika Kabale mwaka 1935, kisha ukafika Burundi, Tanganyika na Kenya. Wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Si viongozi wote wa kanisa waliowafurahia. Mwaka 1941 wanafunzi 26, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono.

Kwa Balokole, kuungama mbele ya ndugu hakukutosha. Walimkumbuka Zakayo, mtoza ushuru aliyeahidi kuwarudishia watu zaidi ya alichowanyang'anya. Aliyeiba alirudisha mali, na aliyekosana na mtu alimwendea. Festo Kivengere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Kigezi, alisimulia jinsi alivyosafiri mwendo mrefu kwa baiskeli ili kumwomba msamaha Mzungu ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimchukia. Mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, Kivengere alikimbilia Rwanda kwa miguu. Akiwa mkimbizi aliandika kitabu juu ya kumsamehe Idi Amin.

Nakivale, nilikokulia, ina uhusiano na historia hiyo. Miongoni mwa Wanyarwanda waliokimbilia Uganda baada ya machafuko ya 1959 walikuwamo watu wa Uamsho. Leo tunaishi humo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine, na Jumapili nyimbo husikika kila upande.

Sasa deni langu. Mama mmoja muuza dagaa katika soko la Base Camp alinipa shilingi 80,000 nimnunulie bidhaa Mbarara, ninakosoma. Nililipia chumba changu. Nilipomrudia nilisema nimeibiwa kwenye kituo cha teksi. Akanipa pole. Wiki chache baadaye niliungama katika ushirika wa wanafunzi. Walinipigia makofi, wakaniombea, nikalala vizuri.

Kusoma juu ya Balokole ndiko kulikoniharibia usingizi. Niliona kwamba nilikuwa nimeungama kwa watu ambao sikuwaibia. Aliyeibiwa bado alikuwa akiwaonya vijana wengine juu ya wezi wa Mbarara.

Nilifanya vibarua vya likizo, nikapanda teksi hadi Nakivale na kumpa zile 80,000. Nilimwambia, "Mama, sikuibiwa. Nilizitumia mimi." Alizihesabu mara mbili. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, na ile miezi mitatu niliyokaa bila mtaji, utanilipa nini?" Sikuwa na jibu. Ndipo nilipoelewa kwa nini Zakayo hakuishia kwenye kiasi kilekile alichochukua. Tulikubaliana nimwongezee 10,000 kila mwezi kwa miezi mitatu. Bado sijamaliza.

Wapo wanaosema toba ya hadharani ya Balokole iliwaaibisha watu na kuwapa wengine nafasi ya kuhukumu. Nadhani hoja hiyo ina ukweli. Hata hivyo, ninaamini Uamsho ulidumu kwa sababu uliingia sokoni, nyumbani na kwenye madeni, mahali ambapo jirani asiye Mlokole angeweza kuupima. Sisi wanafunzi tunaosali sana Mbarara tungeweza kuanza na swali dogo la namna hiyo: nani anatudai, na anajua ukweli?