Ombasha, Shaushi na Afande

Msomaji, bila shaka umepata kumsikia askari akimwitikia mkubwa wake, "Ndiyo, Afande!" Neno hilo lilisafiri mbali kabla ya kutufikia. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann Wissmann aliwaandika askari Wasudani huko Misri, akawaleta kupigana na Abushiri katika pwani ambayo leo ni ya Tanzania. Walikuja na vyeo vyenye asili ya Kituruki: ombasha, maana yake mkuu wa watu kumi; juu yake shaushi; na kileleni effendi, yaani bwana. Katika King's African Rifles, jeshi la Waingereza lililoundwa mwaka 1902 na ambalo wazee wetu waliliita Keya, koplo na sajini walishika nafasi. Lakini effendi likabaki vinywani, likawa Afande.

Tazama, basi: cheo cha ombasha hakikuwa pambo la mkononi, bali hesabu ya roho kumi alizokabidhiwa. Kwa hiyo ukimjua koplo, mwite Koplo. Na sajini, Sajini. Ukimwita "wewe askari" tu, waifuta miaka ya jasho lake. Usipokijua cheo chake, Afande latosha. Heshima si utumwa.