Tundu la Sentimita 3.8

Jamani wadau, nimepotea wiki mbili nzima. Si kazi peke yake, ni kisanduku cha ndege. (Cheka kwanza, kisha tuendelee.)

Nilikitengeneza mwenyewe kwa mbao za kreti, nikakitundika kwenye mwembe uani kwa mama, hapa hapa Dar. Nikatoboa tundu kubwa ili ndege aingie kwa nafasi, na mbele yake nikapigilia kijiti ili mgeni apate pa kutua. Shomoro wakaja, wakataga, wakaangua. Asubuhi moja mama akaniita. Kunguru kasimama juu ya kile kijiti, kichwa chote ndani, anamvuta kinda. Mama hakuniambia neno, akarudi kuosha vyombo.

Basi nikafanya afanyacho mwandishi akiumbuka: nikaanza kusoma, kumbe historia ya visanduku hivi ni ndefu na ina mambo.

Huko Amerika ya Kaskazini wenyeji wa asili, Wachoctaw na Wachickasaw wakiwamo, walitundika vibuyu vitupu karibu na makazi yao ili mbayuwayu wakubwa wa zambarau wazalie humo. Ndiyo, vibuyu! Mmea wenyewe asili yake ni Afrika, na utafiti wa jenetiki wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa yaelekea ulivuka Atlantiki kwa kuelea tu majini. Leo mbayuwayu hao, mashariki ya Milima ya Rocky, karibu wote huzalia kwenye nyumba zilizowekwa na watu.

Ila kisa kilichonikamata zaidi ni cha bluebird wa mashariki, ndege mdogo mwenye mgongo wa buluu na kifua cha rangi ya udongo mwekundu. Hana uwezo wa kuchonga mti. Hutegemea matundu yaliyoachwa na kigogota au nguzo za ua zilizooza. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 shomoro wa Ulaya wakaletwa Brooklyn, baadhi ya watu wakitumaini watakula viwavi wa mitini. Mwaka 1890 Eugene Schieffelin akaachia kwezi wa Ulaya wapatao 60 katika bustani ya Central Park, na mwaka uliofuata wengine 40 hivi. (Ile hadithi kwamba alitaka ndege wote wa Shakespeare wawepo Marekani, watafiti wawili waliifuatilia mwaka 2021 wakaona haina ushahidi wa maana. Nasi magazetini tuliipenda sana!) Wageni hao wote nao huzalia matunduni, na ni wakali. Shomoro humdonoa bluebird mpaka kumuua humo humo kiotani. Wakulima nao wakaanza kuweka nguzo za chuma na kukata miti mikavu. Bluebird akapungua vibaya.

Waliomwokoa hawakuwa serikali, walikuwa watu wa nyundo na misumari. Miaka ya 1930 Thomas Musselman wa Quincy, Illinois, alipanga visanduku kandokando ya barabara za mashambani. Lawrence Zeleny, mstaafu wa Maryland, aliandika kitabu mwaka 1976, na mwaka 1978 akaanzisha chama cha kumtetea ndege huyo. Idadi yake imepanda tangu wakati huo.

Vipimo vya kisanduku chao vimetokana na vita hivyo. Tundu ni sentimita 3.8: bluebird anapita, kwezi hapiti. Shomoro anapita, kwa hiyo kisanduku huwekwa penye majani mafupi na uwazi, mbali na nyumba na mabanda ambako shomoro hukaa. Hakitundikwi mtini kama nilivyofanya mimi. Huwekwa juu ya nguzo laini, kimo cha mita moja na nusu hivi, na chini yake bati la kuzuia nyoka na wanyama wanaopanda. Sakafu hutobolewa ili maji yatoke, na ubavu mmoja hufunguka kwa ajili ya usafi na ukaguzi. Kijiti hakuna kabisa! Ndege wa matunduni hahitaji pa kutua, kijiti humfaa adui tu.

Sasa rudi nyumbani. Katika muongo ule ule Schieffelin alipofungua vizimba vyake, miaka ya 1890, kunguru wa India waliletwa Zanzibar ili wale takataka. Ndio hawa walioijaza Dar, na ndio waliokula makinda yangu. Nikajiona nimepata wa kumlaumu, mpaka nikasoma kwamba hata shomoro wa mjini, yule ambaye kinda wake mama alimsikitikia, naye si mwenyeji wa pwani yetu. Aliletwa na watu, kama kunguru. Kwa Wamarekani yeye ndiye muuaji, uani kwetu ndiye marehemu.

Kisanduku kipya kiko mezani, kimesafishwa kwa msasa, hakina kijiti. Nguzo ninayo, bati ninalo. Sentimita 3.8 zitamzuia kunguru asiingize kichwa, lakini shomoro atapita. Nikipunguza nimfungie nje, sijui nani mwingine atakuja. Jana mama kaniuliza mbona sitoboi.

"Nafikiria, mama."

"Fikiria haraka," akasema, "wale wawili wamesharudi, wanazungukazunguka mwembe."