Mvinyo Kabla ya Neno "Mvinyo": Funzo kutoka Burgao

Tunapofundisha maneno ya mkopo, wengi wetu huandika ubaoni orodha ile ile ya Kireno: meza, leso, pipa, mvinyo. Mwanafunzi naye huhitimisha kwamba Wareno ndio walioleta mvinyo katika pwani yetu. Katika makala haya tunadai kwamba hitimisho hilo si sahihi. Tunaanzia Burgao, bandari ya Wabajuni kusini mwa Kismayu, ambayo pia huitwa Birikau.

Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 B.K., unataja bidhaa zilizoletwa pwani ya Azania: mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo. Unaongeza kwamba baadhi ya mahali ililetwa divai na ngano, si kwa biashara bali kwa kutafuta urafiki wa wenyeji. Wareno walifika mwaka 1498, yaani zaidi ya miaka 1,400 baadaye.

Wako wataalamu wanaoiweka Nikon, kituo kimojawapo cha Periplus, katika eneo la Burgao. Kapteni Haywood, aliyefika huko kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alieleza kwamba alipata sarafu za kale za Misri na Roma, pamoja na chombo chenye umbo la mtungi wa Kigiriki. Hata hivyo, sarafu hizo zilichanganyika na za karne za baadaye sana, hivyo wanaakiolojia wanazitilia shaka. Nasi hatuzitegemei, Periplus inatosha.

Kwa nini kinywaji hiki kiliweza kusafiri? Tembo la mnazi hugemwa asubuhi likiwa tamu, na jioni huwa limekwisha kuwa kali. Zabibu nazo hupondwa, hamira hugeuza sukari yake kuwa kileo, kisha chombo huzibwa hewa isiingie. Mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda, mweupe bila maganda. Ukizibwa vizuri hudumu miezi mingi. Ukiachwa wazi hugeuka siki.

Mzabibu wenyewe haukuota mizizi pwani. Unyevu wa hewa huleta magonjwa ya ukungu: ubwiri unga, unaofunika majani na matunda kwa vumbi jeupe, na ubwiri vinyoya, unaostawi majani yakilowa. Ndiyo maana kilimo hiki kilistawi Dodoma, kwenye ukame, ambako wamisionari Wakatoliki wa Bihawana walipanda mizabibu mwaka 1957. Huko mkulima hupogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Sasa turejee kwenye maneno. "Zabibu" limetoka katika Kiarabu, ambamo maana yake ni tunda lililokaushwa. Tunda bichi lina jina jingine. Huenda Waswahili walilijua kwanza tunda kavu la majahazini, kisha wakaliita bichi kwa jina hilo hilo. "Mvinyo" ni la Kireno. "Divai" hunasibishwa na Kifaransa, nalo limezoeleka katika Biblia na ibada. Kila neno linatuonyesha mlango mmoja tu, wala si lazima uwe mlango wa kwanza. Huenda watu wa Azania waliopewa divai walikuwa na jina lao la kuiita, lakini kama lilikuwapo, hakuna aliyeliandika, nalo limepotea.

Hapa ndipo penye funzo kwetu walimu. Tangu vita vya mwaka 1991 Wabajuni wengi wa Kismayu na visiwani walikimbilia Kenya na nchi za mbali, na watoto wao wanakua katika lugha nyingine. Majina ya samaki, ya sehemu za jahazi na ya mitungi yamo vinywani mwa wazee. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu asiishie kwenye kamusi. Aende kwa wazee hao na daftari, mapema. Neno lisiloandikwa humfanya mgeni aliyekuja mwisho aonekane ndiye wa kwanza.